Kudhibiti mbu nyumbani na bustanini: mwongozo kamili kwa kaya za Dar es Salaam na mwambao

Sehemu kubwa ya fedha ambazo kaya za Dar es Salaam hutumia kupambana na mbu huishia kwenye dawa ya kopo na dawa ya kuchoma, yaani kwa mbu ambaye tayari anaruka. Huyo akifa, wengine hushika nafasi yake kesho yake, kwa sababu maji alimozaliwa yangali palepale nyuma ya nyumba. Katika joto la pwani, yai la mbu huchukua takribani siku 7 hadi 10 kupita hatua ya kiluwiluwi na ya pupa mpaka mbu kamili aruke, na katika muda huo wote hawezi kutoka kwenye maji alimoanguliwa. Hapo ndipo mahali pa kumpiga. Kazi inayoelezwa hapa ni ya mara moja kwa wiki, siku ileile, masika na kiangazi: chombo kinachomwagwa na kusuguliwa kila Jumamosi hakipati nafasi ya kutoa mbu, ilhali kinachosubiri wiki mbili kinaweza kutoa mamia.

Hatua ya kwanza: mtambue mbu unayepambana naye

Nyumba moja inaweza kuwa na aina tatu za mbu, na kila aina ina maji yake na saa zake za kuuma. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma usiku, hasa watu wakiwa wamelala, na akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili wake. Hupenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana na yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, mashimo ya kuchimbia mchanga, mifereji iliyo kati ya matuta ya bustani za bondeni. Kuleksi ni mbu wa kahawia anayevuma sikioni usiku. Yeye huzaliana kwenye maji machafu ya vyoo, makaro na mitaro iliyoziba, na ndiye anayeeneza matende na mabusha katika miji ya mwambao. Wa tatu ni Edesi, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anayeuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, mara nyingi kwenye vifundo vya miguu. Huyu huzaliana katika vyombo: ndoo, pipa, tairi, kifuu. Ndiye aliyeeneza homa ya dengue katika milipuko iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na ndiye anayebeba pia chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.

Viluwiluwi nao hutofautiana, na tofauti hiyo huonekana kwa macho. Chota maji kwa upawa mweupe au bakuli jeupe, uliache litulie kwa dakika moja. Viluwiluwi wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa Anofelesi. Wanaoning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji, ni wa Kuleksi au Edesi. Ukiwakuta hao wa pili kwenye maji safi ya ndoo, yaelekea ni Edesi. Ukiwakuta kwenye maji ya choo au karo, ni Kuleksi. Jambo hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu anayeumwa mchana akatumia siku nzima kuzibua mtaro atakuwa amefanya kazi njema ya usafi bila kumgusa mbu anayemsumbua.

Hatua ya pili: zunguka uwanja mzima ukitafuta mazalia

Chukua tochi, upawa mweupe na daftari, uanzie langoni na kuifuata nyumba upande mmoja hadi urudi ulipoanzia. Andika kila mahali penye maji, hata kama leo hapana kiluwiluwi. Yafaa kuifanya kazi hii siku mbili au tatu baada ya mvua, kwa maana maji yatakayokuwa yamebaki wakati huo ndiyo yanayodumu.

Ndoo na mapipa kila mtu atayaona. Yanayosahaulika ni mengine: trei iliyo nyuma ya friji, maji ya kiyoyozi yanayodondokea kopo lililowekwa ukutani, choo cha wageni kisichotumika kwa wiki kadhaa, bakuli la maji ya kuku, turubai lililofunika mbao na kufanya mikunjo, mfereji wa bati uliojaa majani ya mwembe, matofali yenye matundu yaliyorundikwa yakisubiri fundi, vifuu vya nazi na madafu yaliyotupwa nyuma ya jiko. Nyumba nyingi za mjini zina vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta wa uzio kuzuia wezi, na vitako vya chupa hizo huhifadhi maji ya mvua ya kutosha kulea viluwiluwi. Panda ngazi uviangalie. Panda pia juu ya zege la nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Maji yanayoachwa juu ya zege ili likomae, na yale ya mashimo ya msingi uliosimama kwa kukosa fedha, huweza kuzalisha mbu wa kusumbua nyumba zote za jirani.

Hatua ya tatu: vyombo na maji ya kuhifadhi

Mtaa ambao maji ya bomba hutoka kwa mgawo hauwezi kuambiwa usihifadhi maji. Linalowezekana ni kuyahifadhi kwa namna ambayo mbu hayafikii. Pipa na jaba vifunikwe kwa mfuniko unaobana au kwa kitambaa kizito kilichovutwa na kufungwa kwa mpira kuzunguka mdomo. Ubao uliolazwa juu hausaidii, kwa kuwa mbu anahitaji mwanya mdogo tu. Katika tanki kubwa la plastiki kagua mahali pawili: mfuniko wa juu, ambao mafundi huuacha wazi, na bomba la kutolea maji yanayozidi, ambalo lifungwe wavu laini kwa waya au kibano.

Kumwaga maji pekee hakutoshi kwa Edesi. Jike lake hubandika mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande tena. Ndiyo sababu mvua za kwanza za vuli hufuatwa na mbu wengi ndani ya wiki moja au mbili tu, hata katika uwanja uliokuwa mkavu tangu Julai. Kila wiki, chombo kikishamwagwa, kisuguliwe ndani kwa brashi ngumu au kwa mchanga na sabuni, hasa kwenye mstari unaoonyesha maji yalipofikia. Maji ya kusuuzia yamwagwe kwenye udongo mkavu, si kwenye mtaro wenye maji.

Tairi ndiyo chombo kigumu kuliko vyote, kwa kuwa maji yaliyoingia ndani ya mviringo wake hayatoki hata ukilisimamisha. Tairi usilolihitaji liondoke. Linalotumika kama kiti, pambo au ukingo wa bustani litobolewe matundu upande wa chini au lijazwe udongo na kupandwa maua. Usilichome moto, kwani moshi wake una sumu. Vifuu na makopo vipondwe au vifukiwe. Vitako vya chupa juu ya ukuta vijazwe mchanga uliochanganywa na saruji.

Kagua tanki kwa uzito wa pekee kwa sababu nyingine inayokuja kutoka kaskazini. Anofelesi aina ya stephensi, mbu wa malaria wa asili ya Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, na baadaye kaskazini mwa Kenya. Tofauti na jamaa zake wa Afrika waliozoea madimbwi ya mashambani, yeye huzaliana vizuri ndani ya matanki na mapipa ya mjini.

Hatua ya nne: choo, karo na chemba

Mbu wanaojaza chumba cha kulala Dar es Salaam na Unguja Mjini kwa kiasi kikubwa ni Kuleksi, na chanzo chao mara nyingi kipo hatua chache kutoka kitandani. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mpigo, yameshikamana na kuelea mithili ya chelezo kidogo cheusi, na karo moja lenye ufa huweza kutoa maelfu ya mbu.

Anza na bomba la kupumulia la karo. Mdomo wake wa juu ufungwe wavu wa nailoni au wa nyuzi za kioo. Wavu wa chuma cha kawaida haufai, maana gesi ya karo huula kwa kutu ndani ya muda mfupi, na tundu linalobaki halionekani kutoka chini. Kisha kagua mfuniko wa kila chemba: ukiwa umelegea au una ufa, uuwekee ukingo wa saruji nyepesi inayoweza kuvunjwa siku ya kunyonya maji taka. Angalia pia tundu la kunyanyulia mfuniko, ambalo watu husahau. Kizibo cha mpira au cha mbao kinalitosha.

Choo cha shimo chenye maji kina tiba bora iliyothibitishwa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga punje nyeupe nyepesi za polistirini, za aina ileile ya ubao mweupe unaofungashiwa televisheni, ndani ya vyoo vya shimo vilivyokuwa na maji. Punje hizo huelea na kufunika uso wa maji kwa tabaka la sentimita moja au mbili. Jike hapati pa kutaga, na viluwiluwi waliomo hushindwa kufikia hewa. Pamoja na dawa za matende walizopewa wakazi, mbu na maambukizi yote yalipungua sana, na tabaka lile lilidumu kwa miaka. Njia hii haifai kwa choo kinachofurika mvua zikinyesha wala kinachonyonywa mara kwa mara, kwa sababu punje hutoka na kuchafua mazingira. Choo cha shimo kikavu hakihitaji lolote kati ya haya, kwa kuwa mbu hazaliani humo.

Mafuta machafu ya gari yasimwagwe kwenye choo, mtaro wala dimbwi. Ni kweli kwamba huua viluwiluwi, lakini hupenya ardhini hadi kwenye visima vifupi ambavyo nyumba nyingi za Dar es Salaam huvitegemea, na madhara yake kwa maji hayo hudumu muda mrefu kuliko faida.

Hatua ya tano: bustani

Wengi huanza kwa kufyeka. Nyasi ndefu na vichaka hutoa kivuli cha kupumzikia mbu mchana, hivyo kuvipunguza karibu na madirisha na baraza kunasaidia, lakini mbu hazaliwi kwenye majani. Uwanja uliofyekwa mpaka udongo ukabaki wazi, na ndoo mbili za maji zikaachwa nyuma ya banda, utabaki na mbu wale wale. Fyeka kidogo, utafute maji zaidi.

Visahani vya vyungu vya maua viondolewe au vijazwe mchanga mpaka ukingoni, ili mchanga ushike unyevu bila kuacha maji wazi. Shimo kwenye shina la mti lijazwe mchanga, na nguzo ya mwanzi ikatwe juu kidogo tu ya kifundo ili isibaki na kikombe. Magimbi na migomba hushika maji kwenye maungio ya majani, na wapo mbu wa jamii ya Edesi wanaozaliana humo. Sioni sababu ya kung'oa chakula kwa ajili yao: punguza majani makuukuu, na usipande magimbi chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Bustani za mchicha na matembele za mabondeni ni suala kubwa zaidi. Mkulima hupandisha matuta ili mizizi isioze, na mifereji iliyo kati ya matuta hukaa na maji tulivu yenye jua, ambayo Anofelesi huyapenda. Dawa yake ni mtiririko. Mifereji ipewe mteremko mmoja unaoelekea kwenye mtaro wa kutolea maji, isafishwe magugu, na angalau mara moja kwa wiki iachwe ikauke kabisa kabla ya kumwagiliwa tena. Kisima cha kumwagilia kiwe na kingo za wima zisizo na nyasi, na kiwekewe perege wachache, ambao hula viluwiluwi na baadaye huliwa na mwenye bustani. Samaki wageni wasipelekwe kwenye mito na mabwawa ya asili. Wabaki ndani ya kisima au bwawa lisilo na njia ya kutokea.

Mchaichai, kivumbasi na mwarobaini hupandwa sana kwa imani kwamba mbu hawatakaribia. Mmea ulio hai, ukiwa umesimama tu bustanini, hautoi harufu ya kutosha kulinda watu waliokaa karibu nao. Majani ya kivumbasi yakipashwa moto au kuchomwa hupunguza mbu kwa muda. Yatumieni barazani, lakini yasihesabiwe kuwa kinga ya usiku.

Hatua ya sita: dawa ya viluwiluwi kwa maji yasiyomwagika

Yapo maji ambayo huwezi kuyamwaga, kuyafunika wala kuyakausha: dimbwi kubwa la masika, msingi wa jirani aliye safarini, mtaro wa mtaa. Kwa haya hutumika viuadudu vya kibayolojia, yaani bakteria wanaoua viluwiluwi wanapowala na wasiomdhuru mtu, kuku, nyuki wala samaki. Kiwanda cha kuvitengeneza kilizinduliwa Kibaha, mkoani Pwani, mwaka 2015 kwa ushirikiano na Cuba. Bakteria ni wa aina mbili, mmoja ukifaa zaidi kwenye maji safi na mwingine kwenye maji machafu, kwa hiyo mweleze muuzaji au bwana afya ni maji gani unayotaka kuyatibu. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, nyunyiza uso wote pamoja na kingo zenye nyasi, na baada ya siku mbili rudi na upawa wako kuhakikisha kwamba viluwiluwi wamekufa. Pupa hawali kitu, hivyo dawa haiwagusi. Ukiwaona, tegemea mbu wachache watatoka kabla hali haijatulia.

Hatua ya saba: ziba nyumba

Wavu wa dirisha unafanya kazi ukiwa mzima na ukiwa umefika kila pembe. Matundu yake yasizidi milimita 1.5. Kwenye madirisha ya vioo vya kusukuma, mbu hupita kati ya fremu mbili pale kioo kinapoachwa nusu. Sukuma kioo hadi mwisho ili fremu zifungane. Milango ya nje iwekewe mlango wa pili wa wavu unaojifunga kwa springi, na chini ya mlango wa mbao uwekwe mpira unaogusa sakafu.

Uwazi kati ya ukuta na paa ndio mlango mkuu wa Anofelesi, ambaye hufuata harufu ya watu inayotoka juu. Uwazi huo uzibwe kwa wavu, si kwa tofali, ili joto liendelee kutoka. Nyumba isiyo na dari inahitaji hatua hii kabla ya wavu wa dirisha. Feni nayo husaidia kuliko inavyodhaniwa: mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo unaoelekezwa miguuni mwa waliokaa humzuia kutua.

Hatua ya nane: chandarua na kinga ya mwili

Yote yaliyotangulia hayaondoi chandarua chenye dawa. Kichomekwe chini ya godoro pande zote kabla ya kulala, na kiwe kikubwa kiasi kwamba mkono wa mtoto haukigusi usingizini, kwa sababu mbu huuma kupitia matundu. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, polepole, bila dawa ya kung'arishia, na kianikwe kivulini; jua kali na kufuliwa mara kwa mara huondoa dawa mapema. Tundu lishonwe siku linapoonekana. Wajawazito wanapohudhuria kliniki waulize chandarua chao, kwani kutolewa kwake ni sehemu ya huduma hiyo.

Kwa wanaokaa nje jioni, mafuta ya kujipaka yenye DEET (kiambato cha kufukuza mbu) ya asilimia 20 hadi 30 hulinda kwa saa kadhaa. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe, na mkubwa wake asipakwe viganjani wala karibu na macho. Dawa ya kuchoma iwekwe nje au mahali penye hewa. Kuiacha ikiwaka usiku kucha chumbani kwa watoto, dirisha likiwa limefungwa, ni kuwavutisha moshi hadi asubuhi. Dawa ya kopo ina nafasi yake jioni moja moja, lakini mbu wengi wa kwetu wamejenga usugu dhidi ya viambato vyake vya kawaida. Sumu za shambani zinazouzwa kwenye chupa zisizo na kibandiko zisiingizwe ndani ya nyumba kwa sababu yoyote.

Homa ikija, pima malaria siku hiyohiyo. Majibu yakionyesha hakuna malaria na dengue ipo mtaani, tumia parasetamoli peke yake kushusha homa. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu.

Hatua ya tisa: mtaa

Edesi kwa kawaida hasafiri zaidi ya mita mia moja au mia mbili kutoka alikozaliwa. Maana yake ni kwamba mbu anayekuuma mchana ametoka kwako au kwa majirani unaowafahamu kwa majina, na mazungumzo ya heshima na nyumba nane au kumi zinazokuzunguka yana nguvu kuliko malalamiko ya jumla. Usafi wa mtaa wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni jambo jema, ila mwezi mmoja unatosha vizazi vitatu vya mbu. Mwombe mjumbe wenu kuwa ukaguzi wa vyombo ufanywe kila wiki, hata kwa nusu saa, na watoto wa shule wapewe tochi na upawa. Msingi uliotelekezwa na mtaro wa umma vipelekwe kwa mtendaji wa mtaa kwa barua, ili kuwe na kumbukumbu.

Kupima kama kazi inazaa matunda

Usitarajie nafuu katika siku tatu za kwanza. Mbu walioruka kabla hujaanza wanaweza kuishi wiki mbili hadi nne, kwa hiyo kipimo cha mapema ni upawa: kila wiki andika daftarini ni mazalia mangapi yalikuwa na viluwiluwi. Idadi hiyo ikishuka na mbu wakabaki wengi baada ya wiki ya nne, liko zalia ambalo hujaliona. Ukiumwa mchana, panda ngazi: mfereji wa bati, mfuniko wa tanki, chupa za ukutani. Ukiumwa usiku na mbu wa kahawia, rudi kwenye karo machweo, uangaze tochi kwenye kila ufa wa chemba na kwenye mdomo wa bomba la kupumulia, kwa kuwa huo ndio wakati Kuleksi wanapotoka, na utawaona wakipita.